LIFTI KATIKA MAISHA NA KATIKA HADITHI: NAMNA YA KUFUNDISHA KITU AMBACHO MWANAFUNZI HAJAKIONA

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha ufahamu katika Darasa la Tano la shule moja ya kijijini. Habari yenyewe ilimhusu mtoto aliyekwenda mjini kumtembelea baba yake mdogo, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Juma alipanda lifti hadi ghorofa ya nane." Baada ya kusoma, mwanachuo aliuliza, "Juma alifikaje ghorofa ya nane?" Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha kidole, akasimama, akajibu kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, alipewa lifti na mtu mwenye gari."

Wanafunzi wawili watatu waliowahi kufika mjini walicheka. Mwanachuo naye alicheka. Nami, niliyekuwa nimeketi nyuma na daftari la tathmini, nilitabasamu. Msichana yule aliketi, na hadi kengele ilipolia hakunyoosha kidole tena.

Baada ya kicheko, mwanachuo aliandika ubaoni: "Lifti ni chombo cha kupandia ghorofani." Wanafunzi walinakili. Mvulana mmoja aliuliza kama chombo hicho kina magurudumu, akaambiwa asubiri. Somo likaendelea.

Tulipokutana jioni kujadili somo lile, tuliona kwamba jibu la msichana halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Neno "lifti" katika Kiswahili lina maana mbili: chumba kinachopandisha na kushusha watu katika jengo, na msaada wa kuchukuliwa bure katika chombo cha mtu mwingine. Maana ya pili ndiyo inayojulikana kijijini, maana kila siku watu husimama kandokando ya barabara wakiomba lifti. Msichana alikuwa ametumia maarifa yake ya lugha kwa usahihi kabisa. Waliokosea ni sisi walimu, ambao tulimpa neno bila kumpa kitu chenyewe, kisha tukamcheka kwa kutokukijua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitu kigeni hakifundishwi kwa jina lake, bali kwa kazi yake, na kwamba kazi hiyo karibu kila mara ina ndugu yake katika maisha ya mwanafunzi. Tutaichukua lifti kuwa mfano. Tutaeleza kwanza jinsi inavyofanya kazi, kisha jinsi ilivyobadili maisha ya watu, kisha sababu zinazowafanya wasimulizi wa hadithi waipende, na mwisho tutatoa andalio la somo ambalo mwalimu mwanafunzi anaweza kulijaribu hata katika shule isiyo na umeme.

Lifti na kisima

Mwanafunzi asiyewahi kuona lifti huenda amewahi kuteka maji kisimani. Hapo ndipo pa kuanzia. Anayeteka maji kwa kamba tupu huinama na kuvuta kwenda juu, na mgongo humuuma. Pakiwekwa roda juu ya kisima, kamba hupita juu ya roda, na mtekaji huvuta kwenda chini, ambako uzito wa mwili wake mwenyewe humsaidia. Roda hiyo haipunguzi uzito wa ndoo. Inabadili tu upande wa kuvutia. Hii ni mojawapo ya mashine rahisi ambazo wanafunzi hufundishwa katika Sayansi.

Sasa tuseme kwamba badala ya ndoo moja, kamba ina ndoo mbili, moja kila mwisho. Moja ikishuka, nyingine hupanda. Kama ndoo zote mbili zina uzito uliokaribiana, mtoto mdogo anaweza kuziendesha kwa mkono mmoja, kwa kuwa zinasawazishana kama sahani mbili za mizani.

Lifti nyingi za majengo marefu ndivyo zilivyo. Ndoo ya kwanza ni chumba wanamoingia watu. Ndoo ya pili ni mzigo wa kusawazisha, yaani vipande vizito vya chuma au zege vilivyopangwa katika fremu, ambavyo abiria hawavioni. Kamba ni nyaya nene za chuma, nazo huwa kadhaa, si moja. Roda ni gurudumu lililo juu ya shimo la lifti, nalo huzungushwa na mota ya umeme. Chumba hupanda na kushuka kikifuata reli zilizosimama wima, ili kisiyumbe.

Mzigo wa kusawazisha kwa kawaida huwa sawa na uzito wa chumba kitupu, ukiongezwa kiasi kinachokaribia nusu ya mzigo unaoruhusiwa. Mwalimu anaweza kuifanya habari hii kuwa hesabu. Tuseme chumba kitupu kina kilo 1,000, na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 800. Mzigo wa kusawazisha utakuwa kilo 1,000 na kilo 400, jumla kilo 1,400. Chumba kikijaa watu, kitakuwa na kilo 1,800, na tofauti ni kilo 400. Chumba kikiwa kitupu, tofauti ni kilo 400 vilevile, ila kwa upande wa pili. Kwa hiyo mota haibebi kilo 1,800. Inashughulika na tofauti ya kilo 400 tu. Mwanafunzi akikokotoa mwenyewe, ataona kwa nini mota isiyo kubwa sana inaweza kuwapandisha watu wengi.

Zipo pia lifti zisizoning'inia kwa kamba. Hizi husukumwa kutoka chini na mafuta yaliyoshindiliwa katika silinda, kama jeki kubwa ya gari, nazo hutumika zaidi katika majengo yenye ghorofa chache.

"Na kamba ikikatika?"

Siku tatu baada ya somo lile, mwanachuo alilirudia akiwa na kiberiti, uzi na gurudumu dogo la mbao. Safari hii alianza kwa kumwomba msichana yuleyule aeleze lifti anayoijua yeye. Msichana alisita, kisha akaeleza vizuri jinsi mtu anavyosimama barabarani na jinsi anavyomshukuru dereva. Mwanachuo akaliambia darasa kwamba lifti ya mjini ni ndugu wa lifti hiyo, kwa kuwa zote mbili humpunguzia mtu safari ambayo angeifanya kwa miguu. Halafu akaonyesha kifaa chake. Kiberiti kilipopanda, msichana alinyoosha kidole na kuuliza, "Mwalimu, na kamba ikikatika?"

Mtoto yeyote anayeteka maji angeuliza hivyo, maana amewahi kuona ndoo ikipotelea kisimani. Ni swali lilelile lililowazuia watu wa karne ya 19 kupanda katika vyombo vya kuinulia mizigo. Vyombo hivyo vilikuwapo katika viwanda na maghala, lakini binadamu waliviogopa, na walikuwa na haki ya kuviogopa.

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo ni fundi wa Marekani aitwaye Elisha Otis. Mwaka 1854, katika maonyesho yaliyofanywa New York, alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba mbele ya watu, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likasimama. Otis hakuwa ameivumbua lifti yenyewe. Alichovumbua ni breki inayoifanya isianguke.

Breki hiyo ilifanya kazi hivi: juu ya jukwaa palikuwa na springi bapa, mfano wa zile za chini ya lori. Uzito wa jukwaa ulipoivuta kamba, kamba iliipinda springi na kuiweka mbali na reli za pembeni. Kamba ilipokatika, springi ilijinyoosha, na ncha zake zikang'ata meno ya reli. Kwa maneno mengine, kamba ndiyo iliyokuwa ikiizuia breki isishike, na ilipotoweka, breki ilishika yenyewe.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa kibanio cha nguo. Ukikifinya, kinafunguka, ukikiachia, kinauma. Mwanafunzi mmoja akifinye kibanio kando ya uzi ulionyooshwa, kisha aulizwe, "Ukichoka na kuachia, itakuwaje?" Darasa lote litaona kibanio kikiuma uzi, na swali la kamba litakuwa limejibiwa bila maneno mengi. Lifti za leo zina breki za aina nyingine, ambazo hushika reli chumba kinapozidi mwendo uliowekwa, lakini wazo la msingi ni lilelile, yaani hatari yenyewe ndiyo inayoiamsha breki.

Jinsi lifti ilivyobadili maisha

Mwaka 1857 lifti ya abiria yenye breki ya Otis ilianza kufanya kazi katika duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano mjini New York. Iliendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Mwaka 1880 Werner von Siemens wa Ujerumani alionyesha mjini Mannheim lifti inayoendeshwa kwa umeme. Mwaka 1885 jengo la Home Insurance lilikamilika Chicago likiwa na ghorofa kumi, na wengi hulitaja kuwa mwanzo wa maghorofa marefu ya kisasa. Ni kweli kwamba fremu za chuma ndizo zilizoyawezesha majengo hayo kusimama. Lakini pasipo lifti, hakuna ambaye angekubali kukaa huko juu.

Kabla ya lifti, vyumba vya juu vilikuwa vya watu wa chini. Mathalani, katika nyumba nyingi za Paris, wenye mali walikaa karibu na ardhi, na watumishi wakalala chini ya paa, kwa kuwa ngazi zilikuwa ndefu. Lifti ilipofika, mpangilio huo ulipinduka: juu pakawa mahali pa hewa safi na mandhari nzuri, na kodi ikapanda pamoja na chumba. Kumbe chombo cha chuma kinaweza kubadili hata maana ya neno "juu" katika jamii.

Kwetu Afrika Mashariki, jengo ambalo hutajwa kuwa la kwanza kuwa na lifti ni Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Jina lake maana yake ni Nyumba ya Maajabu, na lifti ilikuwa mojawapo ya maajabu hayo. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020. Huko Dubai, jengo la Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010, lina urefu wa mita 828, na watu wake hawawezi kuishi siku moja bila lifti.

Lifti haiendi juu tu. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, wachimbaji hushushwa kwa vizimba vya lifti hadi kina kinachokaribia kilomita 4 chini ya ardhi, tena kwa hatua, wakibadilisha vizimba njiani. Mwanafunzi mwenye ndugu aliyefanya kazi migodini anaweza kuwa na hadithi ya kuliambia darasa kuhusu jambo hili.

Lakini thamani ya lifti haionekani vema mpaka iharibike. Kijana mwenye afya akikuta lifti haifanyi kazi, atapanda ngazi akinung'unika. Mama mjamzito atapumzika kila ghorofa. Mzee atarudi nyumbani bila kupata huduma aliyoifuata. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hataweza hata kuanza. Mwalimu asilipite jambo hili haraka. Katika darasa lenye mwanafunzi mlemavu wa miguu, hapa ndipo mahali pa kuuliza, "Shuleni kwetu, ni mahali gani pana ngazi lakini hapana njia ya mwenzetu?" Swali hilo lisimtaje mwanafunzi huyo kwa jina, bali liwafanye wote watazame majengo yao kwa macho mapya.

Kwa nini wasimulizi wanaipenda lifti

Tazama sasa lifti kwa jicho la msimulizi. Mlango unafunguka. Wanaingia watu wasiojuana. Mlango unafungwa. Kwa muda mfupi hakuna anayeweza kutoka. Kisha mlango unafunguka tena, mahali pengine. Hadithi nzima imo humo: mwanzo, kati na mwisho. Kuna mambo matatu yanayoifanya lifti ifae kwa hadithi.

Jambo la kwanza ni kwamba lifti huwafungia watu pamoja. Katika filamu ya Kifaransa ya mwaka 1958, Ascenseur pour l'échafaud, iliyoongozwa na Louis Malle, mtu mmoja anamuua mkubwa wake wa kazi, lakini anasahau kamba aliyopandia. Anarudi kuichukua; akiwa ndani ya lifti, mlinzi anazima umeme wa jengo na kwenda zake, na mwuaji anabaki amening'inia kati ya ghorofa. Filamu hiyo si ya watoto, lakini mwalimu anaweza kujifunza kitu humo: hadithi hupata nguvu mhusika anapozuiwa kwenda anakotaka.

Jambo la pili ni kwamba lifti hutoka katika ulimwengu mmoja ikaingia katika mwingine. Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza, alikimaliza kitabu chake cha watoto cha mwaka 1964, Charlie and the Chocolate Factory, kwa lifti ya vioo inayopasua paa na kuruka. Mwaka 1972 aliendeleza habari hiyo katika Charlie and the Great Glass Elevator, ambamo lifti hiyo inawafikisha abiria wake angani, nje kabisa ya dunia. Watoto wetu hawatashangaa. Zipo hadithi za Kiafrika ambamo watu hupanda na kushuka kati ya mbingu na ardhi kwa uzi wa buibui, na Waingereza wana hadithi ya kijana aliyepanda mharagwe hadi kwa jitu. Kabla binadamu hajaijenga lifti kwa chuma, alikuwa amekwisha kuijenga kwa maneno.

Jambo la tatu ni kwamba lifti huonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Mwandishi Mmarekani Colson Whitehead, katika riwaya yake The Intuitionist ya mwaka 1999, alimchora mwanamke mweusi ambaye kazi yake ni kukagua lifti. Lifti moja aliyoikagua inaanguka, na lawama zinamwelekea. Habari inaonekana kuwa ya mitambo, kumbe ni ya ubaguzi na ya haki ya kupanda katika maisha. Sisi tuna methali zinazogusa jambo hilohilo: mpanda ngazi hushuka; aliye juu mngoje chini. Mwalimu anaweza kuuliza kama methali hizo zingali kweli mahali ambapo mtu hupanda kwa kubonyeza kitufe tu.

Na mara nyingine maisha yenyewe husimulia hadithi kuliko mwandishi. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kijeshi iliyopotea katika ukungu iligonga jengo la Empire State mjini New York. Watu 14 walikufa. Mwendesha lifti mmoja, Betty Lou Oliver, alijeruhiwa ghorofani. Alipowekwa katika lifti ili ateremshwe, kamba zilikatika na chumba kikaanguka ghorofa 75. Alipona. Kamba zilizokuwa zimejikunja chini ya shimo zinaelezwa kuwa zilipunguza kishindo. Mwanafunzi makini atauliza breki ilikuwa wapi. Ajibiwe kwamba ajali hiyo haikuwa ya kawaida: ndege ilikuwa imeharibu kamba na vifaa vya usalama kwa pamoja.

Wanafunzi wa kijijini wanazo "lifti" zao za kusimulia. Mtumbwi wa kuvukia mto huwafungia watu pamoja. Basi lililokwama kwenye matope huwakutanisha tajiri na maskini. Kisima katika hadithi nyingi ni mlango wa kwendea ulimwengu mwingine. Mwalimu akiwaonyesha kwamba hivi vyote ni ndugu, mwanafunzi hataona tena kwamba hadithi ni mali ya watu wa mjini.

Andalio la somo

Somo hili limekusudiwa Darasa la Tano, kwa vipindi viwili vya dakika 40. Lengo ni kwamba mwanafunzi aweze kueleza jinsi lifti inavyofanya kazi, na aweze kutunga hadithi fupi inayotokea mahali palipofungwa.

Zana: kasha la kiberiti, uzi imara, gurudumu dogo linalobaki uzi wa cherehani unapokwisha, msumari mrefu, ubao, vijiwe, kifuko cha mchanga, na kibanio cha nguo.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Waulize wanafunzi maana ya neno "lifti", na uyaandike majibu yote ubaoni. Usifute hata moja. Baada ya hapo waulize ni nini kinachofanana katika majibu hayo.

Hatua ya pili (dakika 20). Pigilia msumari ubaoni ukiwa umepita katikati ya gurudumu, ili gurudumu lizunguke. Pitisha uzi juu yake. Funga kiberiti chenye vijiwe upande mmoja, na mwache mwanafunzi avute upande wa pili. Kisha funga kifuko cha mchanga upande huo wa pili, na umwache aendeshe kwa kidole kimoja. Aeleze yeye mwenyewe tofauti aliyoiona. Usimwambie kabla hajaisema.

Hatua ya tatu (dakika 10). Uliza kuhusu kamba kukatika, kisha onyesha kibanio cha nguo. Hapo eleza kanuni za usalama: mtu akikwama katika lifti asiulazimishe mlango, bali abonyeze kengele ya hatari na asubiri kwa utulivu, na moto ukizuka, atumie ngazi, wala asiingie katika lifti.

Hatua ya nne (dakika 10). Fungua kipindi cha pili kwa chemsha bongo hii: "Mtoto mmoja anaishi ghorofa ya kumi. Kila asubuhi hushuka kwa lifti hadi chini. Akirudi peke yake hupanda kwa lifti hadi ghorofa ya saba, kisha humalizia kwa ngazi. Siku za mvua hupanda hadi ya kumi. Kwa nini?" Wanafunzi wakadirie kwa vikundi. Jibu ni kwamba mtoto ni mfupi, hafikii kitufe cha kumi, ila siku za mvua hukibonyeza kwa mwavuli wake.

Hatua ya tano (dakika 30). Kila mwanafunzi atunge hadithi yenye masharti haya: wahusika watatu wasiojuana, mahali ambapo hakuna anayeweza kutoka kwa muda, jambo moja linalotokea humo, na mlango, au ng'ambo, ambako mmoja wao anafika akiwa amebadilika. Mahali pawe lifti, mtumbwi, basi, au popote mwanafunzi anapopajua. Asilazimishwe kuandika lifti.

Katika kusahihisha, tazama kwanza kama masharti manne yametimizwa, kisha sarufi na tahajia. Hadithi ya mtumbwi iliyotimiza masharti ipewe alama zilezile ambazo ingepewa hadithi ya lifti.

Kwa Darasa la Sita au la Saba, lifti inafaa pia kufundishia namba hasi. Sakafu ya chini ni sifuri; ghorofa za juu ni 1, 2, 3; za chini ya ardhi ni −1, −2. Mtu anayetoka −2 hadi 5 amepanda ghorofa ngapi? Waeleze vilevile kwamba majengo mengi ya Marekani hayana ghorofa iliyoandikwa 13, na kwamba katika sehemu za China namba 4 huepukwa kwa kuwa matamshi yake yanafanana na ya neno "kifo". Wanafunzi wakokotoe ghorofa iliyoandikwa 20 ni ya ngapi kwa kweli ikiwa namba moja imerukwa.

Mambo ya kuepuka

Usianze na maana iliyoandikwa katika kamusi. Maana ni tunda la somo, si mbegu yake.

Usiifanye lifti kuwa dalili ya ustaarabu, na kisima kuwa dalili ya kurudi nyuma. Kanuni iliyo katika vyote viwili ni moja, na aliyeielewa kisimani ameielewa.

Usiwaulize wanafunzi waliowahi kufika mjini peke yao. Wape nafasi ya kusimulia walichokiona, lakini wasigeuzwe kuwa walimu wa kuwacheka wenzao.

Na mwanafunzi akitoa jibu usilolitarajia, jiulize kwanza amelipata wapi kabla ya kuamua kwamba amekosea.

Hitimisho

Kesho yake wanafunzi wa darasa lile walileta hadithi zao. Wengi waliandika juu ya basi, wachache juu ya mtumbwi. Msichana wa dawati la mbele aliandika juu ya bibi aliyepewa lifti na dereva wa lori, na gari likaharibika njiani usiku, wakalazimika kukaa ndani hadi alfajiri pamoja na mtu ambaye bibi huyo alikuwa amemnunia kwa miaka mingi. Kulipokucha walikuwa wakizungumza. Hadithi ilikuwa na makosa ya tahajia, lakini masharti yote manne yalitimizwa.

Mwalimu mwanafunzi hataweza kuwachukua wanafunzi wake wote kwenda kuona kila kitu kinachotajwa katika vitabu vyao. Leo ni lifti, kesho itakuwa barafu, meli au mashine ya kompyuta. Hata hivyo hana sababu ya kuwaachia neno tupu wakalinakili. Atafute kazi ya kitu hicho, aulize ni nani kijijini anafanya kazi ya namna hiyo kwa mikono, kwa kamba au kwa mnyama, na aanzie hapo. Na kabla ya kucheka jibu lolote, akumbuke kwamba kicheko cha mwalimu ni kifupi, lakini mkono wa mtoto ulioshuka kwa sababu yake unaweza usipande tena.